Ubao wa Dada

Mtaani walimwita Fundi Kipande. Si kwamba alikuwa mfupi. Mlango wa kibanda chake aliuingia kwa kuinama. Walimwita hivyo kwa sababu nguo alizoshona zilikuwa na kasoro moja isiyoisha: mikono mifupi, pindo jembamba, mfuko mmoja badala ya miwili. Watu wakapiga hesabu yao wakamaliza: kuna kipande kinabaki kwa fundi. Na nani asiyejua kwamba mafundi cherehani ni wezi? Hilo halihitaji ushahidi.

Yeye hakuwahi kuiba hata uzi. Ila kusemwa kila siku si mchezo, na alifika mahali akaanza kuutilia shaka mkasi wake mwenyewe. Miili ya watu aliipima kwa inchi, kama alivyofundishwa, na hakukosea. Kitambaa chenyewe hakukipima kamwe kinapoingia. Karibu vyote vilitoka kwenye duka la dada yake, na dada akisema ni mita tatu, basi ni mita tatu. Utampimaje mtu aliyekubeba mgongoni, akakununulia na cherehani ya kwanza?

Sasa mpishi wa shule akaleta kitambaa cha mita tatu kutoka kwa dada, anataka gauni kama lile aliloshonewa mwezi uliopita. Kitambaa cha lile kilinunuliwa mji mwingine, mita tatu vilevile, na kilibaki cha kutosha kilemba. Safari hii, alipokitandaza kabla ya kukata, mikono haikuenea. Mwili uleule, mshono uleule. Kipande akavua tepu shingoni akakipima kitambaa. Inchi mia na nane. Mita tatu ni mia na kumi na nane. Akapima tena, akiomba awe amekosea.

Hakumaliza hata chai yake. Alikikunja kitambaa akaenda dukani, na kabla ya salamu akailaza tepu juu ya ubao wa kupimia uliokuwa mezani. Inchi thelathini na sita.

"Dada, hii ni yadi."

"Ndiyo, yadi," dada alijibu, akiendelea kukunja mashuka. "Wa mita uko nyuma. Ule wa kununulia."

"Kumbe unajua."

"Mdogo wangu, usianze. Fundi akiitwa mwizi, watu wanacheka na kesho wanarudi. Mwenye duka akiitwa mwizi, anafunga. Nikifunga mimi, wewe utashona nini?"

Inchi zile zilimuuma Kipande, lakini kilichomchoma hasa ni kwamba miaka yote hiyo alikuja kulia hapahapa, kwenye kiti hikihiki, na dada akamfuta machozi na kumwambia apunguze haraka anapokata.

Mpishi wa shule akaingia kutafuta vifungo. Kipande hakungoja.

"Mama, gauni lako halienei kwa sababu ya ubao huu. Njoo uone mwenyewe. Hii si mita."

Mpishi akainama, akaitazama tepu, akaishika kwa vidole viwili.

"Tepu hii ya nani?"

"Yangu."

"Mbona imechakaa hivi? Hata namba zimefutika."

"Basi iache. Dada, toa ule ubao wa nyuma, tuulinganishe."

Dada akamtazama kwa huruma, huruma ileile ya siku zote.

"Upi, mdogo wangu?"

Kisha dada akakichukua kitambaa taratibu kutoka mikononi mwa Kipande, akakinyoosha juu ya ubao wake, akahesabu kwa sauti ili mteja asikie. Moja. Mbili. Tatu. Ikatimia barabara, hakuna kilichozidi wala kupungua.

"Umeona, mama," dada alisema. "Safari hii hajagusa kitu. Ni damu yangu, nami namwombea abadilike."

"Hajagusa kwa sababu hajakata," mpishi akasema. Akakipachika kitambaa chake kwapani. "Na anamsingizia hata dada yake mwenyewe. Kuna fundi mwingine karibu?"

Dada akatoka naye hadi mlangoni, akamwonyesha kwa kidole: ng'ambo ya barabara, mlango wa pili, mwambie nimekutuma mimi.