Kichekesho Changu cha Chumvi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kama tunavyosahau hesabu za muhula uliopita, nayo imekataa. Najua unacheka. Unasema, huyu mchekeshaji wa kidato cha tano wanayemwita Redio ananiitaje mwanangu, wakati ana miaka kumi na saba na ndevu tatu, mbili zikiwa za kubahatisha? Cheka tu. Lakini wewe ndiyo kwanza umeingia kidato cha kwanza, hujui hata foleni ya posho inaanzia wapi, na wahenga walisema mkubwa ni jalala. Basi mimi ni jalala lako. Uchafu mwingi umetupwa hapa, na mwingine niliuleta mwenyewe kwa mikono yangu. Kaa nikuoneshe huo.

Kwetu ni chini ya kilima cha Kibuli, kwenye zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari tunazoziita mizigo. Milango kumi na miwili, ua mmoja, bomba moja. Naishi na bibi yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba, na Haboba wangu anasuka tabaga, yale makawa ya rangi ya kufunikia chakula, tangu asubuhi mpaka macho yagome. Mlango wa pili kutoka kwetu waliishi Papa Riziki na Mama Riziki, watu wa Kongo, na binti yao mdogo.

Papa Riziki alikuwa mtu wa kupendeza. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu ukikaa unamsubiri mtu mbaya mwenye pembe hutamwona maisha yako yote. Alinunua sabuni kwa jumla soko la Kikuubo akaziuza mtaani. Mashati yake yalipigwa pasi mpaka kwenye kola, kanisani aliimba besi, na vichekesho vyangu alivicheka kuliko mtu yeyote. Kwa mchekeshaji, mwanangu, anayecheka ndiye mtu mwema. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Nje ya kila mlango pale uani kuna sigiri, jiko la makaa. Likizo moja, nikiwa sina kazi ila kuchunguza watu, niligundua jambo. Mara moja moja sigiri ya Mama Riziki ilikuwa inageuzwa mdomo chini, miguu juu, kama mende aliyekufa. Na ikigeuzwa tu, ua mzima unaishiwa chumvi. Haboba anaweka tabaga chini, anachukua kikombe, anakwenda kuomba chumvi kwa Mama Riziki. Hajarudi, anafuata jirani wa mlango wa tano na kikombe chake. Halafu wa mlango wa saba, mtoto mgongoni. Wanaingia, wanakaa, wanasifu kalenda iliyo ukutani, wanauliza mvua za Kongo zikoje. Wanakaa mpaka kivuli cha nyumba kivuke ua. Na nyumbani kwetu chumvi ilikuwepo, mkebe mzima.

Nilitega sikio siku mbili tu nikaelewa. Papa Riziki alikuwa anampiga mkewe. Na mwanamume wa namna ile hapigi mbele ya wageni. Mbele ya wageni ana tabasamu na karibu-karibu nyingi. Basi akina mama walikuwa wamekubaliana na Mama Riziki: ukimwona mumeo ameanza kunyamaza ule unyamavu wake, toka kama unayekwenda kumwaga majivu, ugeuze sigiri. Sisi tutakuja. Hatutagombana na mtu, hatutauliza kitu. Tutaomba chumvi mpaka hasira yake ichoke.

Mimi nililijua hilo, mwanangu. Na unajua nililifanyia nini? Nililitengenezea kichekesho.

Mbele ya ua wetu kuna stegi ya boda, kituo cha pikipiki za abiria, na kwenye stegi kuna benchi, na kwenye benchi kuna wanaume wanaosubiri abiria. Hilo ndilo jumba langu la maonesho. Siku hiyo nilijifunga leso ya Haboba kiunoni, nikashika kikombe, nikaingia kwa mwendo wa bibi mwenye magoti mabovu. "Banange, jamani jirani, chumvi kidogo tu. Nitairudisha kesho kama bado itakuwa na chumvi." Nikawa wa mlango wa tano, na kikombe kikubwa zaidi. Nikawa wa mlango wa saba, na beseni. Wanaume walianguka kwa kicheko. Mwenyekiti wa stegi, mzee tunayemwita Afande kwa sababu alikuwa jeshini, alifuta machozi kwa glavu. Na mimi, nilipoona wamelainika, nikatoa siri ya mwisho: nikaazima helmeti ya mtu, nikaiweka chini, nikaigeuza. "Na ugonjwa huu wa chumvi," nikasema, "unaletwa na sigiri ikilala kifudifudi."

Papa Riziki alikuwa amekaa mwisho wa benchi na chapati yake. Alicheka akapiga paja. "Huyu mutoto iko na akili," alisema. "Anaona kila kitu." Akanikatia nusu ya chapati. Niliila.

Usiniulize kama nilikuwa sijamwona pale. Nilimwona. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilitaka kumwaibisha mbele ya wenzake. Si kweli. Sikufikiria kitu. Nilisikia kicheko nikakifuata, kama kuku anavyofuata punje mpaka ndani ya sufuria.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa natoka bombani na jerikani. Sigiri ya Mama Riziki ilikuwa imegeuzwa. Kabla sijafika mlangoni kwetu kumwambia Haboba, ambaye alikuwa bado anamalizia swala, Papa Riziki akatoka. Alikuwa anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Akaichukua sigiri, akaisimamisha vizuri, akatia makaa, akawasha, akaweka birika. Pole pole, bila haraka yoyote. Akina mama wawili waliokuwa wanaanua nguo wakamwona, mmoja akasema, "Tazama mwanamume anampikia mkewe chai, na wa kwangu hata kikombe hajui kinakaa wapi." Halafu macho ya Papa Riziki yakakutana na yangu.

"Redio," aliniambia, akitabasamu. "Mwambie haboba yako, leo chumvi iko."

Na mimi nilicheka.

Hiki ndicho kipande kinachonishinda kusimulia. Nilicheka, kwa sababu ulikuwa mzaha wangu, na mtu mzima ameukumbuka. Nilijisikia mkubwa. Akaingia ndani, akafunga mlango, akafungulia redio nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Birika likachemka nje mpaka maji yakakauka, hakuna aliyekuja kulitoa. Nililiona likikauka. Nilijua, na sikujua, na nikaingia kusoma jiografia.

Jioni hiyo Mama Riziki alipandishwa boda kwenda hospitali, mkono umefungwa kwenye leso. Alisema ameteleza bafuni. Kesho yake alikaa chumbani kwetu na plasta mpya, na Haboba, akimmiminia chai, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbona hukugeuza?"

"Niligeuza, Mama," alisema. "Niliona namna gani hamukuya."

Nilikuwa nimeshika sahani ya maandazi. Sikuiangusha, hayo ya kuangusha sahani ni ya filamu. Niliiweka chini tu, andazi hata moja halikudondoka, na nikasema kila kitu. Helmeti, beseni, nusu ya chapati.

Haboba hakunichapa. Ningependa angenichapa, fimbo ina mwisho. Alisuka mstari mzima wa tabaga kabla ya kusema. "Siri hiyo wanawake tisa tumeibeba miaka minne. Wewe umeibeba siku ngapi?"

"Mbili, Haboba."

"Mbili." Akasuka tena. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wameniambia majuto ni mjukuu, nami mjukuu ninaye, amekaa hapo. Sasa nenda ukaseme palepale ulipochekeshea."

Nilitembea kwenda stegini, hatua mia moja, nikatamani ziwe za kwenda Ggaba, mbali kule ziwani. Wanaume waliponiona wakaanza kusogea kunipa nafasi. "Redio, weka ile ya chumvi." Nikawaambia kwamba ile ya chumvi imemvunja mkono Mama Riziki. Nikawaeleza ilivyofanya kazi, na kwa nini sasa haifanyi. Hakuna aliyecheka.

Kijana mmoja akasema, "Lakini ya ndani ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu."

Afande alivua glavu moja, akavua ya pili. "Wewe," alimwambia yule kijana, "mwezi jana pikipiki yako breki zilikuwa mbovu. Tulikuacha ubebe watu?"

"Mlinizuia, Afande."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikatengeneza."

"Na breki ni zako, pikipiki ni yako. Siku ile mimi nilicheka nikijua ni nyumba ya nani. Wote hapa tulijua. Mtoto alitoa siri, ndiyo, lakini sisi ndio tuliomkalisha yule mtu katikati yetu kila siku na kumsogezea benchi."

Papa Riziki alipokuja saa kumi na chapati yake, hakuna aliyesogea. Alisimama. Afande alimwambia, mbele ya wote, kwamba wanajua mkono ule haukuteleza, kwamba wanaume wa stegi hiyo watampeleka wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa na kituoni, na watatoa ushahidi wa walichosikia miaka yote kupitia kuta wakasingizia kuwa ni redio. Yule mtu alijaribu kutabasamu. Akanitazama mimi, akisubiri nicheke. Safari hii sikucheka, nikaenda kusimama ubavuni mwa Afande.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Papa Riziki alihama kabla kesi haijafika popote. Mama Riziki na binti yake walikwenda kuishi kwa dada yake Ggaba, pale samaki wanaposhuka. Nilimfuata kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimkuta anachambua mukene, wale dagaa wadogo, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haunyooki tena kama zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vichekesho yako nilikuwa nasikia mu ukuta," alisema. "Hata siku mbaya nilikuwa nacheka." Akaendelea kuchambua. "Sasa sicheke tena mbio. Naangalia kwanza."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alinifungia mukene kwenye karatasi nimpelekee Haboba, na niliwabeba wale samaki kwenye taksi mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa usijisumbue kupita nyua za watu ukikagua sigiri. Akina mama wa kwetu wamebadilisha ishara, na mimi sijaambiwa mpya. Hata Haboba, ambaye ananiambia mpaka ndoto zake, hajaniambia. Mara nyingine anasimama ghafla, anachukua kikombe, anatoka, nami nabaki nimekaa na mkebe wetu wa chumvi uliojaa. Ni haki yao. Maji niliyamwaga mimi.

Ila likizo iliyopita Haboba alifika mlangoni na kikombe chake, akasimama, akageuka akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Chukua na wewe kikombe." Nilikichukua. Tulikwenda mlango wa tisa, ambako wamehamia wapangaji wapya. Mwanamume wa mle ndani alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, na mkewe yuko kwenye kona. Afande, ambaye siku hizi akina mama humwita, alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi na kikombe chake mapajani, anasifu kalenda. Niliingia kwa mwendo wangu, si wa bibi yeyote niliyewahi kumwigiza. Nikasema, "Habari za humu. Tumekuja kuomba chumvi." Na hakuna sentensi ya kuchekesha niliyowahi kuisema iliyonigharimu kama hiyo.

Basi sikia, mwanangu, kabla kengele haijalia. Hutapiga mtu, nakuamini. Lakini mkono wa yule mtu ulikuwa mmoja tu. Vicheko vyetu ndivyo vilivyouambia kwamba hakuna ubaya. Kwa hiyo wavulana wenzako wakianza mzaha wa mwanamke aliyechapwa, au wa msichana aliyeshikwa pale asipotaka kushikwa, usicheke ili upate nusu ya chapati. Tazama nani anacheka zaidi ya wote, na ujiulize anafurahia nini. Siri ya mtu anayejificha usiibebe mdomoni. Na ukisikia kupitia ukuta, usiseme ni redio. Kamwambie mtu mzima mwenye uzito kama Afande, au mwalimu, siku hiyohiyo, si baada ya jiografia. Ukishakuwa mwanamume na benchi lako, kumbuka una ruhusa ya kutomsogezea mtu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuchekesha na mzito wa kusaliti. Akupe nyumba ambayo sigiri yake inasimama wima kwa sababu kuna chakula, si kwa sababu kuna mtu anaficha. Na siku ukigongewa na jirani aliyeshika kikombe, nawe ndiye uliyevimba shingo, Mungu akupe aibu ya kumfungulia, umkaribishe akae, mpaka utulie.