Ghala Lisilo na Kufuli

Siku niliyoacha ualimu, Mama alininunia. "Ati umeacha chaki juu ya ng'ombe ya kwa kioo?"

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Tetu, wa chama chetu cha maziwa. Mimi na mwenzangu wa Nanyuki tulikuwa tunaandika programu ya kompyuta ya kumjua kila ndama na babake, maana ilishatokea mtamba akapandishwa kwa mbegu za babake mwenyewe. Ijumaa kamati ingekuja kuiona. Wakiikataa, ningerudi shuleni kichwa chini, na Mama angenikumbusha mpaka kaburini.

Kazi tulibadilishana kwa disketi. Ya kwanza tuliiandika "Mpya". Ikaja "Mpya Kabisa". Halafu, Mungu atusamehe, "Mpya ya Kweli". Alhamisi mwenzangu akashuka Nyeri, akanakili Mpya Kabisa juu ya kila kitu kilichokuwa kwenye mashine yangu. Mpya ya Kweli alikuwa ameshaifuta apate nafasi. Nilimfokea mpaka jirani akafunga dirisha.

"Pole, mwalimu," akasema. "Lakini si niliweka kwa lile ghala?"

Mgala muue na haki mpe. Kulikuwa na mahali kwenye intaneti, kitu kipya wakati huo, ambapo waandishi wa programu waliweka kazi yao bure, na kila badiliko likahifadhiwa: nani kalifanya, lini, kwa nini. Yeye alikuwa akipeleka kazi yetu huko kila Jumamosi. Mimi nilimcheka tu.

Tukakimbilia duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa mbele na intaneti nyuma. Modemu ikapiga kelele zake, kisha mistari ikaanza kushuka polepole. Jamani! Yote yalikuwepo, Mpya ya Kweli ikiwemo, hata niliyoyafuta zamani kwa hasira. Chini kabisa palikuwa na kiraka, kipande cha kurekebisha programu, cha mtu tusiyemjua, wa nchi hata hatukuweza kuibahatisha. Aliandika kwamba programu yetu haikujua ndama mapacha, ilimhesabu mmoja tu, na kwamba ametutengenezea, tukipenda, tukitie. Tulikitia.

Ijumaa Mama, naye mwanachama, alikuja na kamati, mikono kifuani.

"Ng'ombe yangu ilizaa mapacha," akasema. "Hiyo kioo yako inajua?"

Nikabonyeza. Wakatokea wawili, mmoja chini ya mwingine, na baba yao. Wanakamati wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alisogea akagusa kioo kwa kidole, nami nikamweleza yule mtu na lile ghala.

"Na nani hufunga hiyo ghala?"

"Haifungwi, Mama. Mtu yeyote anaingia."

Kwetu hata debe la maziwa lilikuwa na mnyororo.

"Mtu anaingia kwa ghala ya wengine," akasema, "na anaacha kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ngai! Basi huyo wa mapacha mwambie, akipita Tetu, kwangu iko na chai."

Nilimwandikia jioni hiyo hiyo. Habari ya chaki Mama hakuitaja tena.