Asubuhi Gari Lilipokataa Kumbeba Baba

Harufu ya petroli iliyomwagika juu ya chuma chenye unyevu, ikichanganyika na ya mbao mbichi za jeneza: hiyo ndiyo majira yale ya mvua kwangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa amekufa kwa kifua katika nyumba ya kampuni pale Dilala, mjini Kolwezi, na ukoo ulitaka azikwe kwao, Mutshatsha. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya wafiwa na juu ya kamioneti kuukuu iliyokodiwa, ambayo kapo yake, kile kifuniko cha injini, ilikuwa imepinda hata ungeweza kupitisha mkono. Sikulia. Watu wakanisifu kwamba mimi ni mwanamume. Uongo. Sikusikia kitu chochote ndani, kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi.

Jeneza likapakiwa, wanawake wakapanda na mikeka yao, Tata Kapenda, dereva, tuliyemwita Tata kwa heshima ya mzee, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka vizuri tu, lakini haikushika. Akarudia. Haikushika. Hapo wimbo wa maombolezo ukakatika katikati ya neno. Kwetu, gari la maiti likigoma, watu hawatazami injini kwanza, wanamtazama mjane. Husemwa kwamba marehemu anakataa kuondoka kwa sababu mtu wake anaficha kosa, na mjane akishaonekana ndiye mwenye kosa, anarudi kutoka makaburini bila vyombo na bila watoto. Mama alilijua hilo. Hata mimi nililijua. Nikaenda kusimama mbele ya gari, kwa sababu huko tu hakukuwa na mtu wa kuniambia nikaze roho.

Tata Kapenda hakuwa mtu wa maneno. Alifungua kapo akaanza kama inavyopasa, na hadi leo sijaona njia nyingine iliyo bora: injini inayozunguka bila kuwaka, usiilaumu batri, tafuta petroli, kisha tafuta moto. Akachomoa mpira wa petroli, ikamrukia mkononi. Petroli ipo, akaurudisha mpira. Akafungua buji moja, ile plagi inayotoa cheche, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini na kumwambia kijana mmoja azungushe ufunguo. "Angalia pale, mutoto," akaniambia. Niliangalia kwa macho yote mawili, nami nilifurahi kupewa kitu cha kuangalia. Hapakuwa na cheche hata moja. "Njo vile," akasema, yaani ndivyo alivyodhani, akapeleka mkono kwenye delko, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa buji zote. Kilikuwa kimelowa.

Kabla hajakifungua, Baba mukubwa, kaka wa marehemu, akafika na mwavuli wake. Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kapenda, toa mikono. Chuma haina na kosa. Mudogo wangu njo anakatala."

"Tata, mayi iliingia mu delko. Nipangushe tu, tutaenda."

"Weye uko fundi wa kufufua bafu? Bibi yake aseme kwanza."

Watu walicheka, hata pale, kwa lile la kufufua wafu. Mama akashushwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Siku ile walikumbuka nusu ya kwanza tu. Akaweka kiganja juu ya jeneza. Nilingoja aseme hana kosa, kwa maana hakuwa nalo. Alikuwa amemuuguza yule mtu mpaka mama mwenyewe akakonda kuliko mgonjwa. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi sokoni: "Bwana yangu, kama nilikukosea, unisamehe. Enda, tukuzike." Wakati huohuo, nyuma ya kapo iliyoinuliwa, Tata Kapenda alikuwa anapangusa delko kwa upindo wa shati lake. Akaipuliza, akaifunga, akairudisha buji mahali pake. Baba mukubwa akatoa ufunguo, yule kijana akauzungusha. Gari likawaka palepale.

"Munaona!" akapaza sauti. Tata Kapenda akawaonyesha shati. "Ilikuwa mayi, Tata. Mayi tu." Hakuna aliyelitazama. Injini ilikuwa inanguruma, na kwa wote wale ngurumo ile ilikuwa hukumu.

Tukazika. Mama akabaki Mutshatsha kwa wazazi wake, akauza makaa. Mimi nikarudishwa Kolwezi kwa Baba mukubwa, ambaye hakuona faida ya kunisomesha. Basi nikasoma chuma. Gereji ninayoimiliki leo sikupewa na mtu, na wenye diploma huniletea magari yaliyowashinda. Nilipopata gari langu la kwanza nilikwenda kwa mama, nikamweleza habari ya delko, nikidhani nampelekea dawa. Aliendelea kuchambua makaa.

"Nilimuona Kapenda anapangusa," akasema. "Nilijua."

"Sasa mama, sababu gani ulisema vile?"

"Ufunguo ulikuwa mu mufuko ya nani? Baba yako alianza kunuka. Nilitaka bamuzike."

Akaniuliza kama nimekula.

Magari ya siku hizi yana adabu. Unachomeka kompyuta, gari linakuandikia lenyewe linapoumwa. Barabara ya Kolwezi imejaa pikipiki na malori ya madini, na magari ya maiti yana vioo vyeusi na maua ya plastiki. Lakini yanagoma vilevile, nami bado naitwa. Safari nyingine nawahi. Safari nyingine nakuta mjane ameshasemeshwa, amekaa chini, hamtazami mtu. Natafuta kosa, nalitoa, gari linawaka, watu wanapiga kelele za shukrani kwa marehemu. Nawaambia ilikuwa waya. Wanasema ndiyo, Tata, asante sana, wananipa soda. Nakunywa, narudi kazini.