Kishada cha Kanzu Siku ya Idd

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi ndiye niliyevuliwa nguo na upinde wangu mwenyewe, mbele ya nusu ya mji, na mkwe mtarajiwa amekaa mstari wa mbele.

Mwishoni mwa miaka ya themanini tulikuwa vijana wachache wa Kiembe Samaki tuliofundishwa kulenga shabaha na Mwalimu Haidari, aliyejifunza mchezo huo Ulaya alikopelekwa masomoni. Alikuwa mkali (Mungu amrehemu, namkumbuka mpaka leo). Miezi ya mwanzo hata mshale hakutupatia, tunavuta kamba tupu na kuirudisha taratibu mbele ya kioo cha kabati lake, miguu vile vile, bega chini, kamba inagusa kidevu pale pale, mpaka mama akaniuliza kidevu kina upele au vipi. "Mkono ukishazoea, uwachie kazi yake," akisema Mwalimu. "Wewe tazama kile kitone cha katikati. Watu watakuwepo tu." Nami nilikuwa hodari, sisemi uongo.

Idd ile tukaalikwa kuonesha mchezo Mnazi Mmoja. Wazee wangu walikuwa wameshapeleka posa kwa kina Rukia, jawabu bado, na baba yake, Mzee Nassor, akasema atakuja amwone huyo kijana wa mishale. Basi mimi nikaona fulana ya mazoezi hainipi heshima, nikabaki na kanzu yangu mpya niliyotoka nayo kusali, ina kishada kirefu shingoni, kakisuka mama mwenyewe na kukipaka mafuta ya mawaridi.

"Kavue kanzu," Mwalimu akaniambia.

"Mwalimu, nshazoea, hainisumbui."

Akanikabidhi mshale, akarudi nyuma. (Bora angenichapa.)

Nikasimama, nikavuta, kidevu, pumzi, kila kitu kama mbele ya kabati. Halafu nikataka kujua kama Rukia ananiona. Nikatupa jicho upande wa wanawake, nikamwona kati ya dada zake, kainamisha kichwa. Mbona hatazami? Nikangoja atazame, kidevu kikageuka kumfuata yeye, vidole vikaachia vyenyewe. Kamba ikakibeba kishada, kishada kikaibeba shingo ya kanzu, nikasikia inachanika mpaka kitovuni, na mshale ukadondoka hatua chache tu mbele yangu kama kijiti cha mshikaki.

Mwenye akili angeondoka hapo. Mimi nikataka kurudia, mkono mmoja upinde, mmoja nimeshika vipande vya kanzu, nikakanyaga pindo nikaenda chini, na kikoi cha ndani kikafunguka. Uwanja mzima ukacheka, watoto wakapiga miluzi, mpaka bibi mmoja akasema, "Msitirini mtoto wa watu." Mwalimu akanifunika kwa kitambaa cha shabaha.

Mzee Nassor akasogea akamuuliza, "Kijana wako alikuwa akitazama wapi?"

Mwalimu hakujua kusema uongo. "Kwa wanawake, bwana."

Jawabu la posa likaja: binti bado anasoma. Mwaka haukwisha akaolewa Chwaka. Niliumia, jamani, na kilichoniuma zaidi ni kile kichwa kilichoinama, nikajua hata yeye alinionea haya kabla sijaharibu chochote.

Miaka ikapita, ikaingia elfu mbili, nikakutana naye Darajani ananunua viatu vya shule na wanawe. Tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikajikaza nikamtania, "Bi Rukia, siku ile ya Idd, hata kunitazama mara moja?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Ntatazamaje na mimi nlikuwa nshafumba macho? Nlikuwa nakuombea dua upate."

Upinde ninao bado, nautoa siku za mapumziko, na fulana yangu ya mikono mifupi. Nikishavuta, sitafuti tena nani ananitazama.