Migahawa Mitatu ya Kula kwa Macho

Katika kijiji kimoja cha Ufaransa, katikati ya mashamba ya zabibu, kuna migahawa mitatu ninayoijua kuliko ninavyolijua jiko la mama yangu Unguja. Najua upi unamkaanga samaki hadi ngozi inakauka vizuri, upi unachelewesha chakula na kukuzuga kwa mkate, na upi bibi mwenyewe hutoka jikoni na aproni yake kuuliza kama mmeridhika. Watu wakinisikia nikieleza hudhani nimekula maisha huko. Sikula kitu.

Mimi ni yaya. Huu ni mwaka wangu wa nane Al Wukair, nje kidogo ya Doha, Qatar, kwa familia ya baba, mama na watoto wawili, msichana na mdogo wake wa kiume. Baba alinunua nyumba ya mawe huko Ufaransa ili wakimbie joto la Doha, akaishia kuzungukwa na mizabibu pande zote, yeye ambaye hajawahi kuonja hata tone la mvinyo. Kila kiangazi walinichukua. Wenzangu waliobaki na viyoyozi vyao walinionea kijicho, nami, kusema kweli, niliwaacha wanionee.

Kosa nililifanya siku ya kwanza kabisa, hapa hapa Doha. Nimeshuka kwenye ndege, tumbo linanguruma, madamu akaniuliza kwa Kiarabu kama nitakula. Nikajibu nimeshiba. Kwetu ndivyo anavyojibu mtu aliyelelewa. Ukikubali mara ya kwanza unaonekana umekuja kwa sababu ya njaa. Mama yangu alikuwa akinifinya paja nikinyoosha mkono mapema kwa jirani. Unasema nimeshiba, mwenyeji anasema hebu onja tu, unasema tena nimeshiba, anakuvuta mkono, ndipo unakaa. Basi nikasimama pale nikingoja kuvutwa mkono. Madamu akasema sawa, akafunika sufuria.

Tangu siku hiyo likamkaa kichwani kwamba mimi sili na watu. Sikunyimwa chakula, nisimsingizie. Jikoni palikuwa na wali na kuku, na friji haikufungwa. Lakini mezani sikuhesabiwa. Doha haikuniuma sana, kwa sababu jikoni nilikuwa na kiti changu. Ufaransa iliniuma, maana mgahawani huna jiko la kukimbilia. Nilikaa mwisho wa meza, nimebanwa na kigari cha mtoto, nawakatia watoto samaki na kuwatolea miiba. Kabla ya kutoka nyumbani nilishakula yai na mkate, nikajikaza kisabuni.

Mgahawa wa kwanza uko karibu na daraja, viti vya chuma, viazi vyao vinanukia kitunguu saumu hadi barabarani. Wa pili uko uwanjani mbele ya kanisa, na huko watu hufuata mayai ya kukaangwa na uyoga. Huo ndio wa mkate. Wa tatu ndio nilioupenda, nacheka nikiliandika neno hilo. Ulikuwa wa yule bibi. Samaki wake alitoka mtoni, akapikwa kwa siagi na ndimu, na baadaye ililetwa keki ya zambarau fulani za kizungu zilizopasukia ndani ya tanuri. Mara ya kwanza bibi aliniwekea sahani. Madamu akapunga mkono, sahani ikaondolewa. Kiangazi kilichofuata bibi akaweka tena, ikaondolewa tena. Bibi hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alikuwa akiniangalia, na mimi nilikuwa nikimtengeneza mtoto kola ambayo haikuharibika.

Kwa miaka nilijiambia kwamba hawa watu mila zetu hawazijui. Nilikuwa najidanganya. Wageni wakija Al Wukair, madamu huwaapia kwa Mungu kwamba lazima wale, huwapakulia nyama kwa mkono wake, na mgeni akisema ameshiba yeye hununa. Mila anaijua, pengine kutushinda. Mimi aliniuliza mara moja tu kwa sababu sikuwa mgeni. Siku nilipolielewa hilo nilikuwa nakusanya vikombe vya kahawa baada ya wageni kuondoka, na nilichukia hadi nikaogopa.

Nina shoga yangu Mkenya, mlinzi wa duka kubwa pale Al Sadd, mjini Doha. Ijumaa zangu za mapumziko tunakula pamoja biriani kwenye kihoteli cha nyuma ya duka lao, na huko hatubembelezani, kila mtu na mkono wake. Nilimweleza habari ya sahani ya bibi. Hakunionea huruma.

"Wewe sema tu uko na njaa," akaniambia. "Kwani watakuchapa?"

Kiangazi cha mwaka juzi nikasema. Tulikuwa kwa bibi, sahani imewekwa, mkono wa madamu uko tayari hewani. Nikaishika sahani kwa mikono miwili. Nikasema kwa Kiarabu kwamba nina njaa, na kwamba nimekuwa na njaa hapa kila mwaka.

Madamu hakugomba, na afadhali angegomba. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Miaka yote hii unaniambia umeshiba," akasema. "Kwa nini ulikuwa unanidanganya?"

Samaki akaja. Meza nzima ilinitazama nikila, hata mtoto. Ningekuapia kwamba alikuwa mtamu lakini sijui. Nilimeza tu ili amalizike. Tuliporudi Doha nikamsikia madamu sebuleni akiwasimulia wenzake, jinsi alivyoishi na mwongo miaka sita bila kujua, na wenzake wakacheka. Alikuwa anatania. Nami nilipitisha tende.

Mwaka jana walipofungasha, mimi niliambiwa nibaki nilinde nyumba. Walimchukua msichana mpya wa kazi, Mganda, mwezi wake wa pili tu tangu aje. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya samaki.

Mchana mmoja msichana wa familia akanipigia simu ya video kutoka kwa bibi. Kiswahili nilimfundisha mimi. Akaniambia mama yake anasema niulizwe mimi waagize nini, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua. Nikawaeleza: samaki, na wamwambie bibi asiweke siagi nyingi kwa mdogo wake, na wakae upande wa dirisha jua lisiwapige. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji ili nione. Nikaiona meza yote, na yule Mganda mwisho wa meza, pale pale, na sahani mbele yake.

Madamu akamuuliza kama atakula. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshiba. Madamu akamuuliza tena. Akakataa tena. Madamu akainuka, akazunguka meza, akamwekea samaki kwa mkono wake, akasimama pale mpaka binti wa watu akashika uma.

Nilimfurahia yule binti muda wa pumzi moja tu. Halafu nikamchukia.