Kahawa ya Mzee Anatory

Hapa Kanazi, ukisikia harufu ya kahawa ikichemka kwa mzee Anatory, jua mwanawe Mwijage amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Mzee akikata simu tu, huyo shambani. Huchuma kahawa ingali changa, huichemsha na majani ya harufu nzuri, kisha huianika na kuikalia kama kuku juu ya mayai. Ni kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla hatujamuuliza kilichomleta. Kumrudishia mtu kahawa yake ni kumkataa mwenyewe.

Zamani hakuwa na habari nayo, ilikuwa kazi ya mkewe Joviana. Joviana alipofariki, Mwijage alisema kwenye simu kwamba ameikumbuka kahawa ya mama. Neno hilo moja tu! Mzee akaja kujifunza kwangu, jirani yake, akaunguza sufuria zangu, mwisho akanishinda. Kila kifurushi kilipofika, Mwijage alipiga simu: "Tamu sana, taata." Mzee alitusimulia maneno hayo mpaka tukawa tunamtania. Lakini nilimwonea huruma, maana ndiyo yaliyokuwa yakimpa nguvu ya kuishi.

Krismasi iliyopita Mwijage alikuja, nami nikaenda kumsalimia. Mzee alitandaza nyasi mpya sebuleni, kama desturi yetu ya sikukuu, akamletea mwanawe kikapu kwa mikono miwili. Mwijage akachukua punje chache, akabaki amezishika.

"Tafuna, mwanangu," mzee akasema.

"Nisamehe, taata. Mimi kahawa hii siiwezi tena, inanisumbua tumbo. Miaka yote nimekuwa nampa mlinzi wetu, Rugambwa. Ni mtu wa huku kwetu, wa Muleba."

Nilitamani kumzaba kofi. Mzee aliketi taratibu juu ya nyasi zake.

"Huyo Rugambwa," akauliza, "akitafuna husema nini?"

"Husema tamu sana, taata. Ndiyo hayo niliyokuwa nakuambia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akakifunika kikapu. Hakumgombeza. Heri angemgombeza.

Mwijage aliondoka baada ya mwaka mpya, na simu haikulia tena mwezi ule. Hata hivyo asubuhi moja nikasikia ile harufu. Kahawa ilipokauka nilimsindikiza mzee mpaka kwenye basi. Juu ya kifurushi alikuwa ameandika jina la Rugambwa. La mwanawe hakuliandika.