Mtunzaji wa Seva Namba Ishirini na Saba

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Si binamu yangu, si rafiki wa shemeji, wala si mtu niliyemsikia kwenye foleni ya benki. Nilikuwa mzima, nimekula, sijanywa kitu, na jua lilikuwa halijazama. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kuwacheka watu wenye visa vya mizuka, hasa wale wa ofisini kwetu, ambao hukutana na mizuka kila mwisho wa mwezi lakini hawajawahi kukutana na kazi.

Nipo kwenye kampuni ya maua. Shamba liko Usa River, ofisi kuu iko mjini Arusha, upande wa Ngarenaro, ghorofani juu ya duka la vipuri. Kazi yangu ni rejista ya mali. Kila kiti, kila pampu, kila kompyuta naiandika, naibandika stika yenye namba, na lazima iwe na mtunzaji, yaani mtu aliyeweka sahihi kwamba kitu hicho kiko mikononi mwake. Kikipotea, namfuata yeye. Kitu kisicho na mtunzaji, kwangu hakipo. Kwa miaka kumi na moja nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote katika jengo lile, na niamini, ushindani haukuwa mkubwa.

Kampuni ikaingia kwenye mambo ya klaudi. Kama huyajui usione aibu, meneja wetu hayajui mpaka leo. Zamani seva ilikuwa kompyuta moja kubwa, imewekwa chumbani, inanguruma, unaigusa. Siku hizi unakodi seva isiyo na mwili. Inaishi ndani ya mitambo ya watu wa ng'ambo, wewe unaona jina lake tu kwenye kioo. Wataalamu wetu wa kompyuta walikuwa wanaziwasha wanavyotaka na kuziacha hivyo hivyo, kama taa ya choo cha wageni. Wakaguzi walipouliza tuna seva ngapi, mmoja akasema thelathini, mwingine hamsini, na mkuu wao akasema inategemea. Inategemea! Mtu ana digrii, unamuuliza ana ng'ombe wangapi, anakujibu inategemea?

Meneja akaita kikao. Akasema kila mali ya kampuni ina stika, kwa hiyo na hizo seva zibandikwe stika.

"Mkuu, nibandike wapi?" nikamuuliza.

"Tafuta pa kubandika. Ndiyo kazi yako."

Hakuna aliyecheka. Wote waliinama wakaandika kwenye madaftari yao. Basi nikanunua karatasi ya manila, nikachapa stika arobaini na moja, nikazibandika mojamoja juu ya manila, nikaitundika ukutani stoo. Wakaguzi waliporudi waliipiga picha na kutupongeza. Hao ndio watu niliokuwa nafanya nao kazi.

Chini ya kila stika niliandika jina la mtunzaji. Arobaini zilipata wenyewe. Namba ishirini na saba haikupata. Kila mtaalamu niliyemuuliza alisema aliikuta inawaka, hajui inafanya nini. Nikatuma barua pepe kwa ofisi nzima: mwenye seva hiyo aje aweke sahihi kabla ya Ijumaa saa kumi na nusu jioni, la sivyo naizima. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuzima, na sitakuficha, ruhusa ile ilinipendeza kuliko ilivyostahili. Shambani sikutuma tangazo. Wakata maua na seva wapi na wapi?

Ijumaa hiyo ukungu wa Mlima Meru ulishuka mpaka mjini, na manyunyu yakaanza. Saa kumi na dakika chache nilikuwa peke yangu stoo. Mtu akapiga hodi, akaingia kabla sijamjibu. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la mvua la njano la kampuni, na buti za mpira zenye tope mpaka magotini.

"Pole na kazi, kaka," akasema.

"Sema shida yako."

"Nimekuja kusaini ile ishirini na saba."

Nikamsukumia fomu. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa watu waliochapwa viboko ili waandike vizuri. Eliamani. Fundi pampu, shambani. Nikacheka mbele ya uso wake, nakiri. Fundi pampu ndiye mtunzaji wa seva!

"Wewe unaijua seva wewe?"

Hakukasirika. Aliniambia waliiwasha yeye na mtaalamu mmoja aliyekwishaacha kazi. Dawa ya wadudu ikipigwa kwenye grinihausi, zile nyumba za nailoni za kukuzia maua, pampu inaiarifu seva, na seva inamtumia supavaiza meseji: nyumba fulani imepigwa dawa, watu wasiingie mpaka saa fulani. Zamani walikuwa wanatundika kitambaa chekundu mlangoni, lakini tangu meseji zianze vitambaa viliachwa.

"Leo wanapiga dawa nyumba namba nne," akasema. "Ukiizima, supavaiza hatapata meseji. Asipopata meseji anajua hakuna dawa. Kesho asubuhi watu watakuwa ndani."

Nilimsikia vizuri. Naomba ulikumbuke hilo. Nilisikia kila neno.

Nikaingiza namba yake ya kazi kwenye kompyuta. Ikakataa.

"Namba yako haitumiki," nikamwambia. "Kwenye rejista yangu wewe hupo."

"Najua, kaka. Lakini wao wapo."

Kisha akaenda kwenye manila, akabandua stika ya ishirini na saba. Sasa, stika zile zimetengenezwa zisibanduke. Ukijaribu, zinachanika vipande vipande, ndiyo maana tunazinunua. Hii ilitoka nzima, kama ganda la ndizi mbivu. Akaishika mkononi, akatoka. Nikapiga kelele arudishe mali ya kampuni, na nikatazama sakafu nikijiandaa kumtukana na kwa tope aliloniachia. Sakafu ilikuwa safi. Nikakimbia mpaka chini kwa mlinzi wetu, Loserian, nikamuuliza yule mwenye koti la njano kaelekea wapi.

"Hakuna mtu ameshuka, bosi. Tangu saa nane hakuna mtu amepanda."

Nikamwambia akanawe uso. Nikapanda ngazi, nikaketi, nikasubiri dakika zangu zitimie, kwa sababu mimi ni mtu wa taratibu. Saa kumi na nusu nikaizima seva namba ishirini na saba.

Ndipo nilipotafuta kwa nini namba ya yule mtu haitumiki. Ilikuwa imeandikwa: ameondolewa, amefariki. Na aliyeandika ni nani? Mimi. Nilifunga jalada lake karibu miaka miwili nyuma. Ofisi ilitoa gari la kwenda kuzika kwao Oldonyo Sambu, mimi sikwenda, nilisema nina kazi. Lakini niliwaandikia familia barua warudishe koti na buti za kampuni. Wakarudisha. Nikageuka kutazama kabati lililokuwa nyuma yangu. Nikafungua kwa ufunguo ninaoubeba mfukoni. Koti la njano lilikuwa limening'inia palepale nilipolitundika, na lilikuwa linachuruzika maji.

Mtu mwenye akili angefanya nini hapo? Angepiga magoti. Angewasha seva. Angalau angepiga simu shambani. Mimi, mwenye akili kuliko wote ndani ya jengo, nilisema kuna mtu ana ufunguo wa kabati langu. Nilijua ni wale wa kompyuta, wamepata mwigizaji wanifanye mjinga nisiizime seva yao. Zile buti zenye tope zilikuwa za mtu wa shambani, nikaamua kwenda huko asubuhi nimkamate. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekwisha kuoza.

Jumamosi kabla ya saa moja nilikuwa Usa River. Mbele ya grinihausi namba nne walisimama wanawake kama kumi na tano na ndoo zao, hakuna anayesogea. Supavaiza alikuwa anawafokea huku ananyoosha simu juu.

"Meseji hakuna! Dawa hakuna! Ingieni!"

"Hatuingii," akasema mama mmoja mnene aliyefunga kitenge kiunoni. Wenzake walikuwa wanamwita Mama Anaeli. "Eliamani alikuwa kasimama hapo mlangoni sasa hivi. Katupungia mkono turudi."

"Eliamani si tulimzika?"

"Ndiyo maana hatuingii."

Nikasogea mpaka mlangoni. Kwenye komeo, imebandikwa sawasawa kabisa, ilikuwepo stika yangu. Ishirini na saba. Unafikiri nilitetemeka? Nilifurahi. Nilisema huyu tapeli amefika hapa na yumo humo ndani amejificha. Nikaibandua stika, safari hii ikachanika vipande. Nikawageukia wale wanawake nikawapa hotuba. Niliwaambia wanaaibisha kampuni, kwamba watu wazima, Wakristo, Jumapili wako mstari wa mbele kanisani, leo wanaogopa koti. Niliwaambia mimi natoka ofisi kuu na ninaingia mbele yao. Nikanyoosha kidole kwa msichana mmoja aliyesimama mwisho.

"Wewe, unaitwa nani?"

"Upendo, bosi."

"Una muda gani hapa?"

"Wiki ya tatu."

"Njoo uwaonyeshe wenzako."

Mama Anaeli akamshika mkono. "Bosi, mwache mtoto wa watu."

Upendo alimtazama mama yule, akanitazama mimi, akautazama na ule mlango. Wiki ya tatu, kazi haijathibitishwa, na mtu wa ofisi kuu anamwita kwa kidole. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Akauvuta mkono wake, akanifuata.

Ndani kulikuwa na joto, na majani ya waridi yalikuwa bado yana unyevu. Nilikwenda mstari hadi mstari nikitafuta koti la njano, huku nikiita nimemwona, atoke. Hapakuwa na mtu. Macho yakaanza kutoa machozi, kisha mate yakanijaa mdomoni nikashindwa kuyameza. Nikasikia ndoo inaanguka nyuma yangu. Upendo alikuwa amepiga magoti, anavuta pumzi na haipatikani. Nilitaka kumwinua, nakuapia nilitaka, lakini mikono yangu ilikuwa inacheza yenyewe na sikuona tena mlango uko wapi. Waliotutoa ni wale wale niliowatukana, wamejifunga vitenge puani. Mama Anaeli ndiye aliyemvuta Upendo kwa kwapa.

Mimi nililazwa siku mbili. Upendo alilazwa wiki tatu. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na wakati wa kuandikishwa hakusema, kwa sababu anayesema hapati kazi. Sasa hawezi kutoka barabarani mpaka kwao bila kusimama mara nne kutafuta pumzi. Ana miaka ishirini.

Na ofisini? Seva iliwashwa Jumatatu. Meneja akaitisha fomu kuona mtunzaji ni nani, akakuta jina la Eliamani na sahihi yake, wino bado mbichi. Hakushangaa hata kidogo, kwa sababu kushangaa kunataka kufikiri. Akasema basi, uzembe ni wa marehemu, taarifa iandikwe hivyo. Wataalamu wote wakaafiki kwa kichwa. Wafu hawakati rufaa. Nami, niliyekuwa nawadharau wote kwa uoga wao, niliketi kwenye kikao kile na sikufungua mdomo. Mkono wangu wa kulia hutetemeka tangu siku ile. Wakiniuliza nasema ni baridi ya Arusha.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao Upendo. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, anachambua mboga, akajaribu kusimama nikamzuia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

Akarudi kwenye mboga zake. Kisha akasema, "Bosi, naomba nikuulize. Siku ile ulikuwa unajua kuna dawa?"

"Sikujua," nikamwambia.

Akatabasamu, akashusha pumzi yake ile fupi. "Mimi namwambia mama kila siku. Yeye anasema ulijua. Namwambia hapana, mtu hawezi kujua halafu akaingia mwenyewe."

Nikaaga nikaondoka.

Wewe unayesoma, nakuonya, na sikuonyi kuhusu mizuka. Yule alikuwa mtu wa heshima kuliko wote niliofanya nao kazi, na alikuja mchana, akapiga hodi. Nakuonya kuhusu watu kama mimi, na tumejaa kila ofisi. Akija mtu kukuambia kuna watu watakuwa ndani, usimuulize namba yake ya kazi. Muulize ni nyumba ipi, kisha kimbia. Na kama unapita Usa River ukakutana na Upendo kabla sijapata uso wa kurudi pale, mwambie kwamba mama yake ndiye aliyesema kweli.